Kilichompeleka wodini si kusahau

Fungua faili la mzee mwenye Alzheimer aliyelazwa, utafute sababu ya kulazwa. Kusahau hakupo. Imeandikwa kaanguka bafuni. Au kazirai. Au nimonia, au U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Madaktari wa Massachusetts, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 827 wa Alzheimer waliokuwa wakiishi majumbani, wakachapisha hesabu yao mwaka 2010. Katika miaka kama mitatu, asilimia 66 walilazwa angalau mara moja, na karibu nusu ya wote walilazwa mara mbili au zaidi. Kuanguka na kuzirai kuliongoza kwa asilimia 26, moyo ukafuata kwa 17, tumbo 9, nimonia 6. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle nao wakaonyesha kwamba wazee waliopatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, asilimia 86 walilazwa; wasio nayo ni 59. Walipotazama safari za hospitali ambazo pengine zingeepukika, theluthi mbili zilitokana na mambo matatu tu: nimonia, moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, na U.T.I.

Hizo ni hesabu za Marekani, lakini mkojo ni mkojo. Mtu mwenye akili timamu ukimchoma atasema. Mwenye Alzheimer hasemi. Hana kiu anayoikumbuka, kwa hiyo hanywi maji. Mkojo unakuwa mzito, vijidudu vinapata makazi. Jumatatu alikuwa anakula vizuri na kuitikia salamu. Jumatano anasukuma sahani, anamtukana mjukuu, haulizi hata chai. Nyumbani wanasema ugonjwa umezidi, na jirani mmoja hakosi kunong'ona habari za mkono wa mtu. Hapo ndipo siku zinapopotea. Alzheimer hula polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya siku mbili yana kitu kingine nyuma yake, na mara nyingi kipimo cha mkojo au cha kifua kitakionyesha.

Akishalazwa, hospitali yenyewe inaanza kumuumiza. Taa haizimwi, kitanda ni kirefu kuliko cha kwake, kila baada ya saa chache anakuja mtu mgeni na sindano. Anaanza kuweweseka, anachomoa dripu, anavuta mpira wa mkojo, anashuka kitandani usiku na kuanguka tena. Wakati mwingine anafungwa mikono. Kuna wanaorudi nyumbani wamepona kile kilichowapeleka, na hawarudi tena walivyokuwa.

Uingereza walikijua kisa cha John Gerrard, naye mwenyewe daktari. Alikuwa na Alzheimer, lakini akitembea na kujilisha mwenyewe. Februari 2014 alilazwa kwa vidonda vya miguu. Alikaa wiki tano, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ndugu walizuiwa kumwona kama walivyotaka. Alitoka mifupa mitupu, hawezi kusimama. Novemba akafariki. Binti yake, mwandishi Nicci Gerrard, na rafiki yake Julia Jones wakaanzisha kampeni waliyoipa jina la mzee huyo. Dai lao ni moja: anayemtunza mgonjwa huyu nyumbani aruhusiwe kukaa naye wodini, saa za kutazama wagonjwa zikiwa zimefika au hazijafika. Hospitali nyingi za huko zimekubali.

Nilipokisoma kisa hicho nilikaribia kucheka. Kumbe Wazungu wanapigania kuuguza! Kwetu kuuguza kulikuwa jambo lisilohitaji kibali: mkeka chini ya kitanda, chupa ya uji, kanga ya akiba, na mtu mmoja anayejua kwamba mgonjwa hali mpaka aitwe kwa jina la utotoni. Manesi walilalamika kuhusu msongamano, na walikuwa na haki. Ila yule mtu wa mkekani alikuwa akifanya kazi isiyo kwenye orodha ya dawa.

Siku hizi mageti yamekuwa makali. Shangazi yangu alipolazwa, hospitali nisiyoitaja, alikesha akiita watu waliokwisha kufa na kumkataa nesi kwa sababu hakuuona uso wake. Walimwandikia dawa ya kumtuliza. Miwani yake ilikuwa kwenye mkoba wa binti yake, nje ya geti, ikisubiri saa kumi.