Kwa nini pedali ya blues hulia kama nyuki ikichomekwa kwenye miksa

Tunapopiga blues kwenye kipindi cha usiku, wapiga gitaa wa Musoma, Bunda na Butiama hutuuliza swali lilelile: ile sauti inatoka kwenye pedali gani? Wengi wao ni wa kwaya na bendi za harusi. Msikilizaji mmoja wa Bunda alitusimulia kuwa alidunduliza fedha kwa miezi kadhaa, akanunua pedali ya ovadraivu, akaichomeka kanisani. Ikalia kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Akaamini ameuziwa feki.

Pedali yake ilikuwa nzima. Hata sisi yalitukuta studioni, tena tukiwa hewani, tulipomchomeka mgeni wetu moja kwa moja kwenye miksa. Tatizo liko kwenye njia inayopita sauti.

Sauti hiyo ilitoka wapi

Blues ya gitaa la umeme ilikomaa katika miji ya Marekani kama Chicago na Memphis, miaka ya 1940 na 1950. Amplifaya za wakati huo zilitumia valvu za kioo, kama redio za babu zetu. Zilikuwa na nguvu ndogo, hivyo katika ukumbi wenye kelele mpigaji alizifungulia sana. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haipitishi wimbi lote. Vilele vya wimbi hukatwa, na noti hupata mkwaruzo mzito. Ukigusa waya polepole sauti hubaki safi, ukiupiga kwa nguvu hukwaruza. Mkono ndio unaoamua.

Pedali ya ovadraivu huiga kazi hiyo, au huisaidia amplifaya kufika hapo mapema. Inayotajwa sana ni Ibanez Tube Screamer, aliyoitumia Stevie Ray Vaughan wa Texas.

Spika nayo inachuja

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkwaruzo wowote huzaa sauti nyingi kali za juu. Spika ya amplifaya ya gitaa, ambayo mara nyingi ni ya inchi 12, haina twita, na ikipita kama hezi 5,000 nguvu yake hushuka haraka. Kwa hiyo ule ukali hauwafikii wasikilizaji. Spika za ukumbini zimetengenezwa kutoa kila kitu, hadi mlio wa matoazi. Ukipeleka ovadraivu huko bila kuichuja, unasikia nyuki.

Masikio yetu hapa Mara yamelelewa na gitaa safi. Katika bendi za dansi za miaka ya 1970, Mara Jazz ya Musoma ikiwamo, solo na ridhimu zilipishana na kila noti ilitakiwa isikike. Gitaa safi huvumilia miksa, ndiyo maana kasoro hii huonekana siku ya kununua pedali.

Ufanye nini

Kama una amplifaya ndogo ya gitaa, chomeka pedali humo, kisha weka maikrofoni karibu na spika, pembeni kidogo ya katikati yake. Maikrofoni hiyo ndiyo iende kwenye miksa.

Kama huna, tafuta pedali yenye kiigizo cha spika. Pedali nyingi za athari mchanganyiko zinacho. Kiigizo kikae mwisho, kabla ya miksa. Ukikosa vyote, punguza sana trebo kwenye miksa.

Kisha anza na geini kidogo, robo hivi. Pandisha sauti ya pedali na midi ya amplifaya. Mkwaruzo uongeze au uupunguze kwa nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lenyewe.

Angalia umeme

Amplifaya iliyotoka Marekani huenda ni ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Usifungue amplifaya ya valvu: ndani yake hubaki mamia ya volti hata ukiwa umeichomoa. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta isiyofaa huweza kuiua. Na ukipigwa shoti mdomo unapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, simamisha muziki, mwite fundi akague ethi.

Kabla ya kununua pedali ya pili, msikilize B.B. King, aliyepiga Kinshasa Septemba 1974 katika tamasha lililotangulia pambano la Ali na Foreman. Alijulikana kwa kuchomeka gitaa kwenye amplifaya bila msururu wa pedali, na noti yake moja ilitambulika kwa jinsi kidole chake kilivyoutikisa waya.

Ndugu yetu wa Bunda aliazima amplifaya ndogo na maikrofoni moja. Pedali hajaiuza. Nawe ukikwama, tuletee swali lako kipindini, tulijaribu pamoja.