Kalasinga na Chupa

Filamu ya Udta Punjab, inayohusu dawa za kulevya katika jimbo la Punjab, India, ilipotoka mwaka 2016, baada ya mvutano na bodi ya udhibiti uliofika hadi Mahakama Kuu ya Bombay, kuna waliotuona Wapunjabi kana kwamba kila nyumba yetu ina teja. Wazee wetu nao hujibu kwa mkato: dini yetu ya Kisikh imekataza vileo, basi walevi hatuna. Wote wamekosea, ila hawa wa nyumbani ndio wanaoniudhi zaidi.

Asiyetujua na aanzie gurdwara, yaani hekalu letu, ya Makindu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, iliyojengwa 1926 na Kalasinga, yaani Masikh, waliofanya kazi ya reli. Dereva wa lori, mtalii, msafiri asiye na senti, wote huvua viatu, hufunika kichwa, kisha hupewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Haulizwi mtu dini wala kabila. Hiyo ndiyo langar, desturi tuliyoachiwa na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Maana yake ni kuvunja matabaka: tajiri na kibarua wakae mkeka mmoja, wale chungu kimoja, na mwenye cheo ashike sahani za wenzake aoshe. Sijaona adabu nzuri kuliko hiyo popote.

Sasa njoo kwenye harusi. Asubuhi tumo gurdwara, vichwa vimefunikwa. Jioni tumo ukumbini, wiski imepangwa mezani, na anayekataa glasi hutaniwa kwamba si mwanamume. Huko Punjab, wenye mashamba walizoea kuwapa vibarua bhukki, yaani maganda ya mpopi yaliyosagwa, ili wavune ngano bila kuchoka. Kileo kilikaribishwa na wakubwa. Aibu huja pale tu mtu anaposhindwa kukiacha.

Na aibu hiyo haimwangukii peke yake. Izzat, heshima ya ukoo, ni mali ya wote, kwa hiyo dada yake akiposwa, waposaji huuliza habari za kaka. Ndiyo maana chupa hufichwa, daktari haambiwi, na mama anayekunywa jikoni hatajwi kabisa. Kisha hutolewa ile dawa ya kale: muozeni, atatulia. Hatulii. Analetwa binti wa watu, pengine kutoka ng'ambo, auguze ugonjwa ambao hakuambiwa.

Waliohama Kenya na Uganda kwenda Southall, Uingereza, walibeba langar na woga huu pamoja. Watetezi husema tukiigusa izzat tutapoteza mila. Mila ipi? Gurdwara zina majiko, kumbi na vijana wa kujitolea. Kinachokosekana ni kamati kukubali kwamba mraibu naye ni mgeni wa langar, atengewe chumba cha mazungumzo, na waposaji wakiuliza waambiwe ukweli: ndiyo, kaka anatibiwa.