Herufi Nne Kisiginoni mwa Gitaa

Wiki nzima sijapata amani kwa ajili ya herufi nne: F, U, N, K. James Jamerson, mcharaza besi wa kampuni ya santuri ya Motown kule Detroit, alizichonga kwenye gitaa lake, kisiginoni mwa shingo, pale inapoungana na mwili. Lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962.

Nilikutana nazo nikitafuta kujua magitaa ya kale ya besi hupangiwaje bei. Yanayogombewa zaidi ni yaliyotengenezwa kabla ya 1965, mwaka ambao kampuni ya CBS iliinunua ile ya Fender. Lakini umri pekee hautoshi. Mkaguzi hulegeza skrubu nne, akaichomoa shingo na kusoma tarehe iliyopigwa muhuri mwishoni mwake. Kisha huinua bamba la plastiki. Mgongoni mwa kila kifundo cha sauti kuna namba: 137 ni kiwanda cha CTS, 304 ni Stackpole, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Humulika hata risasi iliyoshika nyaya. Ikionekana imeyeyushwa upya, ujue kuna mkono ulipita hapo, na bei inashuka. Gitaa lililopakwa rangi mara ya pili ndilo huporomoka kabisa.

Jamerson aliishi na gitaa lake kwa namna nyingine. Hakubadilisha nyuzi mpaka ukatike mmoja. Uchafu, alikuwa akisema, ndio unaotunza funk, ule utamu wa mdundo. Chini ya kifuniko cha chuma aliiacha sponji ibane nyuzi, sauti itoke fupi na nene. Akapiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Besi ya *My Girl* ya The Temptations ni kidole hicho. Hata hivyo, kwa miaka mingi majalada ya santuri hayakumtaja, hadi 1971 ilipotoka *What's Going On* ya Marvin Gaye.

Gitaa liliibwa siku chache kabla hajafariki, Agosti 1983, akiwa na miaka 47. Mpaka leo halijaonekana.

Gitaa jingine lolote la 1962 lenye mchongo kisiginoni lingehesabiwa kuwa limeharibiwa. Hili, bila mchongo wake, litatambuliwaje? Huenda kuna mtu alilinunua kwa nia njema, akazitupa zile nyuzi chafu, akapiga msasa kisiginoni ili lipate bei. Yuko nalo sebuleni. Nani atamwambia?