Fanya "sachi" ya broka wa foreksi kabla ya kutuma pesa

Hapa Kitengela, mtu mwangalifu hanunui ploti kwa kuonyeshwa mipaka tu. Kwanza hufanya sachi katika ofisi ya ardhi, ahakikishe kuwa anayeuza ndiye mwenye hati. Lakini mtu huyo huyo, akishauza ng'ombe au ploti, anaweza kumtumia pesa "broka wa foreksi" aliyemjua kupitia WhatsApp bila kuuliza lolote. Pesa hizo huwa ni karo, mtaji wa duka au akiba ya uzeeni. Broka naye afanyiwe sachi.

Nani hutoa leseni?

Wengi wetu tunaijua foreksi ya Namanga: unatoa shilingi za Kenya, unapewa za Tanzania. Maduka hayo hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Foreksi ya mtandaoni ni tofauti. Unaweka pesa kwenye akaunti, kisha unabashiri iwapo sarafu moja itapanda au itashuka dhidi ya nyingine. Biashara hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), kwa kanuni za mwaka 2017.

Hatua za kufuata

1. Fungua tovuti ya CMA, www.cma.or.ke, utafute jina la kampuni kwenye orodha ya waliopewa leseni. Andika anwani hiyo mwenyewe. Usifuate linki uliyotumiwa. Cheti cha usajili wa kampuni si leseni ya foreksi, na leseni ya nchi nyingine si leseni ya Kenya.

2. Linganisha jina herufi kwa herufi. Matapeli huiga majina na nembo za kampuni halali.

3. Tazama pesa zinakoenda. Ukiambiwa utume kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, acha hapo hapo. Broka halali hutenga pesa za wateja na pesa za kampuni.

4. Anayetaka kukufanyia biashara kwa pesa zako pia anahitaji leseni, hata kama ni jirani au mshirika wa kanisani.

5. Weka kiasi kidogo kwanza, kisha ukitoe. Ukiambiwa ulipe "ada" au "ushuru" kabla ya kupewa pesa zako, usiongeze hata shilingi.

Faida ya uhakika kila wiki, na zawadi kwa kuleta wanachama wapya, ni dalili za utapeli.

Leseni haizuii hasara

Hata kwa broka halali, hasara ni jambo la kawaida. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara ya aina hii hupoteza pesa.

Sababu moja ni mkopo wa broka. Ukiwa na Sh10,000 na ukiruhusiwa kufanya biashara ya mara 400 ya pesa zako, unashika biashara ya Sh4 milioni. Bei ikienda kinyume nawe kwa robo ya asilimia moja tu, Sh10,000 zako zimekwisha. Kwa hivyo, usitumie pesa za karo, za kodi ya nyumba wala za mkopo.

Ukishatapeliwa

Usifute ujumbe wowote. Hifadhi jumbe za M-Pesa, nambari za simu na picha za mazungumzo. Piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upewe nambari ya OB, kisha uijulishe CMA. Jihadhari pia na anayekupigia baadaye akidai atakurudishia pesa zako kwa malipo; mara nyingi huyo ni tapeli wa pili.

Sachi ya broka haihitaji kusafiri hadi Kajiado mjini wala Nairobi. Ni dakika chache kwenye simu, kabla ya kubonyeza "tuma".