Chema chajiuza? Namna ofisi ndogo za uwakili nchini Kenya zinavyojijengea jina

Kwa miongo mingi wakili wa Kenya alikatazwa kujitangaza. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2012 ulilegeza fundo hilo. Hata hivyo, mpaka kati ya kujulisha umma na kusaka wateja haujafutika, na mawakili wanaoanza kazi hawana budi kuujua. Wananchi wanaotafuta wakili nao wana haja ya kuufahamu, wakiwamo wakazi wa nchi jirani wenye mashauri nchini humo.

Wakili mpya anapoapishwa mbele ya Jaji Mkuu jijini Nairobi, siku hiyo huwa ya shangwe kwa ukoo mzima. Amekwisha kumaliza shahada ya sheria, mafunzo ya Chuo cha Sheria cha Kenya na kipindi cha kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Shangwe ikiisha, maswali huanza. Ikiwa hakuajiriwa na kampuni kubwa, wala hana mzazi mwenye ofisi ya kurithi, hukodi chumba kimoja ghorofani, huweka meza na viti viwili, hutundika kibao cha jina mlangoni, kisha hungoja. Mteja huenda asije mwezi huo, lakini kodi ya chumba haikawii.

Upande wa pili wa mlango huo yupo mwananchi ambaye naye ana shida yake. Huenda ni mjane anayedai haki katika mirathi ya marehemu mumewe, au mfanyabiashara aliyelipa arubuni ya kiwanja kisha akagundua kwamba hatimiliki ina jina la mtu mwingine. Mwananchi huyo hajui yupi kati ya mawakili ni mjuzi wa ardhi na yupi wa mirathi. Huuliza jirani, huuliza karani wa mahakama, na mara nyingine huangukia mikononi mwa dalali anayezurura nje ya ofisi za serikali. Wakili anamhitaji mteja, mteja anamhitaji wakili, na kwa muda mrefu sheria yenyewe iliwazuia wasijuane.

Marufuku yalitoka wapi?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo yaeleza vizuri fikra iliyotawala taaluma ya sheria nchini Uingereza na katika makoloni yake. Uwakili ulihesabiwa kuwa wito na utumishi wa mahakama, usiofanana na biashara ya dukani. Wakili mwema alitakiwa kungoja sifa zake zimtangulie, na yule aliyepiga mbiu alionekana kuishusha hadhi ya wenzake wote.

Kenya huru iliirithi fikra hiyo. Kanuni za Utendaji wa Mawakili za mwaka 1966 zilimkataza wakili kuomba kazi kwa mtu yeyote, moja kwa moja au kwa mzunguko, na pia kufanya jambo lolote lenye sura ya kujitangaza. Hata kibao cha mlangoni kilitakiwa kuwa cha kiasi.

Nia ilikuwa kulinda heshima, lakini athari zake hazikuwa sawa kwa wote. Kampuni kongwe, zenye wateja wa vizazi viwili au vitatu na marafiki katika mabenki, hazikuhitaji tangazo. Aliyeumia ni mgeni katika taaluma, hasa mtoto wa mkulima au mvuvi ambaye hakuwa na mjomba wa kumpeleka kwa wenye fedha. Mwananchi wa kawaida naye aliumia, kwa kuwa alinyimwa habari ambazo zingemsaidia kuchagua.

Kesi zilizobadili mambo

Nchini Marekani mjadala huu ulifika mahakamani mapema zaidi. Mwaka 1974 mawakili wawili vijana, John Bates na Van O'Steen, walifungua ofisi ndogo mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona. Walikusudia kuwahudumia watu wa kipato cha kadiri kwa malipo madogo. Kwa kuwa faida ya kila shauri ilikuwa ndogo, walihitaji wateja wengi. Mwezi Februari 1976 walichapisha tangazo gazetini lililotaja bei ya huduma chache za kawaida, ikiwamo talaka isiyo na mabishano na kubadili jina. Chama cha mawakili cha jimbo hilo kiliwafungulia mashtaka ya nidhamu.

Tarehe 27 Juni 1977, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba marufuku ya jumla dhidi ya matangazo ya mawakili yanakiuka uhuru wa kujieleza. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliweka mpaka. Wakili mmoja wa jimbo la Ohio alikuwa amemfuata msichana wa miaka 18 hospitalini, akiwa kitandani baada ya ajali ya gari, ili amshawishi kumkabidhi kesi. Mahakama ilikubali kwamba mwenendo wa namna hiyo unaweza kuadhibiwa. Tangazo la gazetini humwachia msomaji nafasi ya kutafakari, lakini mgonjwa aliyelala na maumivu hana nafasi hiyo. Uingereza nayo iliwaruhusu mawakili wake wa daraja la solisita kujitangaza mwaka 1984.

Nchini Kenya mlango ulifunguliwa na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo. Ibara ya 48 inaitaka serikali kuhakikisha kwamba kila mtu anaifikia haki. Mwaka 2012, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kwamba marufuku ya jumla ya mwaka 1966 hayapatani na Katiba hiyo. Uamuzi huo haukuondoa udhibiti, kwani ilikubalika kwamba taaluma ina haki ya kuweka masharti. Mwaka 2014 zikatoka kanuni mpya zinazohusu matangazo na utafutaji wa soko kwa mawakili.

Ruhusa yenye mipaka

Ruhusa iliyopatikana si ya kupiga tarumbeta kama mwuza dawa sokoni. Tangazo la wakili linapaswa kuwa la kweli, lisilopotosha na lenye staha. Wakili anaweza kueleza yeye ni nani, anapatikana wapi na anashughulikia mambo gani. Akiahidi ushindi, atakuwa ameahidi kitu kisicho mikononi mwake, kwa kuwa hukumu hutolewa na hakimu au jaji.

Lipo pia suala la bei, na hapa Kenya inatofautiana sana na Arizona. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza wakili kutoza chini ya viwango vilivyowekwa katika Amri ya Malipo ya Mawakili. Kwa hiyo ofisi ndogo haiwezi kujitangaza kwa kushusha bei chini ya kiwango hicho, hata kama mwenyewe yu radhi. Silaha ya Bates na O'Steen haipo mikononi mwa wakili wa Nairobi au Mombasa. Akitaka kumvuta mteja, hana budi kushindana kwa ujuzi na uaminifu.

Sheria hiyo inakataza vilevile kugawana malipo na mtu asiye wakili. Katazo hili linawagusa madalali wanaongoja hospitalini au karibu na vituo vya polisi, wakichukua majina ya majeruhi ili wayauze kwa ofisi fulani. Wakili anayewatumia hupata wateja upesi, lakini jina lake limo mifukoni mwa watu asioweza kuwadhibiti.

Jina hujengwaje?

Hatua ya kwanza ni kuchagua eneo la kazi. Ofisi yenye wakili mmoja inayodai kushughulikia kila jambo, kuanzia jinai hadi kodi, haikumbukwi kwa lolote. Mfano mzuri ni pwani ya Kenya. Huko migogoro ya ardhi ni mingi na ya zamani, na familia za Waislamu zinaweza kupeleka masuala ya ndoa, talaka na mirathi katika mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na Katiba. Wakili anayezijua njia hizo mbili, akaeleweka kuwa anazijua, hutajwa kila palipo na msiba wenye shamba la kugawa.

Hatua ya pili ni lugha. Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini sheria nyingi na hukumu bado husomwa kwa Kiingereza. Mteja hutia saini hati asiyoielewa, kisha hulaumu. Wakili anayeandika makala fupi kwa Kiswahili, au anayeeleza redioni namna ya kuomba usimamizi wa mirathi, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huelimisha umma, na huwaonyesha wasikilizaji kwamba analo la kuwafaa bila kuwaomba chochote. Tanzania imepiga hatua ndefu zaidi, kwani marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Hatua ya tatu haionekani katika tangazo lolote, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Ni namna wakili anavyomtendea mteja aliyekwisha kumpata. Je, humjulisha tarehe ya kesi inapoahirishwa? Hutoa stakabadhi? Hueleza gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza? Fedha za mteja hutakiwa kukaa katika akaunti ya pekee, mbali na fedha za ofisi. Miongoni mwa malalamiko ya kawaida dhidi ya mawakili ni kuchelewesha au kuzuia fedha za mteja, na kunyamaza baada ya kupokea malipo. Aliyeuza kiwanja akalipwa kwa wakati huwasimulia watu wachache. Aliyedhulumiwa husimulia kijiji kizima.

Picha nzuri na shaka

Mitandao ya kijamii imempa wakili wa chumba kimoja jukwaa ambalo zamani lilikuwa la kampuni kubwa tu. Kwa simu yake anaweza kueleza hukumu mpya kwa dakika mbili. Lakini jukwaa hilo halitofautishi ujuzi na mapambo. Suti nzuri, gari la kifahari na rafu ya vitabu vinene vinaweza kupigwa picha na mtu yeyote.

Mwezi Oktoba 2023 Wakenya walikumbushwa jambo hilo. Tawi la Nairobi la Chama cha Mawakili Kenya lilimshutumu mtu mmoja kwamba alikuwa akijifanya wakili, na habari hiyo ikaenea duniani kote. Mitandaoni wako waliocheka na hata waliomshangilia. Kwa mtu mwenye kesi, hata hivyo, jambo hilo si la kicheko. Hati iliyoandaliwa na asiye na sifa inaweza kukataliwa, na muda wa kukata rufaa ukipita ni vigumu kuurudisha.

Wakili nchini Kenya huhitaji cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka. Chama cha Mawakili Kenya kina ukurasa katika tovuti yake ambamo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama cheti chake ni halali. Nchini Tanzania, Mahakama ina mfumo wa e-Wakili wenye kazi kama hiyo. Kulitafuta jina huchukua dakika chache, na hakuna picha ya mtandaoni inayoweza kuchukua nafasi yake.

Maana yake kwa wakazi wa nchi jirani

Kanuni hazifanani katika kanda nzima. Nchini Uganda, kwa mfano, kanuni za mwenendo wa mawakili zimekuwa kali sana kuhusu kusaka wateja na kujitangaza, hata kupitia habari na picha katika vyombo vya habari. Kwa hiyo ukimya wa wakili wa Kampala usichukuliwe kuwa dalili ya udhaifu, wala wingi wa maneno ya wakili wa Nairobi usichukuliwe kuwa dalili ya ubora. Kila mmoja anaongea kadiri sheria ya kwake inavyomruhusu.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka, au familia yenye shamba la urithi upande wa pili, inaweza kuanza na maswali machache. Jina la wakili limo katika orodha rasmi mwaka huu? Amewahi kushughulikia jambo la aina hii, na anaweza kulieleza kwa lugha inayoeleweka? Malipo yameandikwa? Fedha zitapita katika akaunti ya wateja? Je, aliyemleta ni mtu aliyehudumiwa naye, au ni dalali anayengoja fungu lake?

Maswali hayo ndiyo kipimo cha jina ambalo wakili mwenyewe anajaribu kulijenga. Wakili anayeyajibu bila kukasirika, hata kama ofisi yake ni ya chumba kimoja, amekwisha kuonyesha sehemu kubwa ya kile ambacho mteja anakitafuta.