Maji Ndiyo Yafunguayo Kidonge

Katika Kashikishi, wilayani Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru lililo mpakani mwa Zambia na Kongo, malaria bado ni adui wa kila nyumba. Dawa ambayo Zambia iliichagua mwaka 2002 kupambana nayo ni mseto wa artemeta na lumefantrini. Mgonjwa humeza dozi 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa.

Kidonge hicho hakina dawa peke yake. Ndani yake mna selulosi, kitu kile kile kilichomo katika pamba na miti. Selulosi ni polima, yaani minyororo mirefu ya chembe ndogo mno. Kidonge kifikapo tumboni, maji hupenya kwenye vinjia vyake vyembamba, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Selulosi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huvimba, ikakipasua kidonge, na dawa ikatoka upesi.

Lakini vipo vidonge vya namna nyingine, vikiwamo baadhi ya vile vya shinikizo la damu na kisukari, ambavyo hutoa dawa polepole. Polima iliyomo humo ikilowa hugeuka uteute mzito, mfano wa uteute wa bamia. Uteute huo hukizunguka kidonge ukawa kama bawabu: maji huingia kidogo kidogo, na dawa hutoka kidogo kidogo, kwa muda wa saa 12 hata 24. Pengine mabaki laini ya kidonge huonekana chooni. Hiyo si dalili kwamba dawa haikufanya kazi.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto mwenye malaria asiyeweza kumeza huruhusiwa kupondewa kidonge cha mseto na kukorogewa katika maji. Mama aliyezoea hivyo asije akamtwangia babu kidonge chake cha shinikizo la damu. Akikiponda, amemwondoa bawabu: dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo mmoja, na shinikizo laweza kushuka ghafla hata mzee akazirai, au akapoteza maisha.

Maji ya hewani nayo hayana subira. Katika miezi ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili, unyevu hukiingia kidonge kilicho wazi na kukiharibu kabla hakijafika kinywani. Kwa hiyo askari aliye doria na mvuvi aliye mtumbwini wasivibandue vidonge mapema na kuvitia mfukoni. Vidonge vikae katika pakiti yake, mahali pakavu, mbali na jua na mikono ya watoto.

Kabla ya kuondoka dirishani pa dawa, kila mtu hana budi kumwuliza mtoa dawa: “Je, kidonge hiki chaweza kupondwa au kukatwa?” Asipopata jibu la hakika, na akimeze kizima.