Hodi katika Vichochoro vya Gion

Aghalabu mgeni aingiapo Gion, mtaa wa kale mjini Kyoto nchini Japani, hudhani kwamba ameingia jumba la makumbusho. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha mgogoro. Gion ni makazi ya watu na, zaidi ya hayo, ni mahali pa kazi. Binti aliyepakwa poda nyeupe, aliyevaa kimono, anayepita kwa haraka jioni, huenda akawa maiko, yaani mwanagenzi wa sanaa za ngoma, muziki na kukirimu wageni. Akihitimu ataitwa geiko. Anawahi miadi katika nyumba ya chai. Kumzuia njiani ili apigwe picha ni kumkatiza mtu kazini, na kumdhania kahaba, kama wafanyavyo baadhi ya wageni, ni kumtusi bure.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba za chai za Gion zina desturi nyingine: mgeni asiyejulishwa na mteja wa zamani hapokelewi. Si kiburi. Kwa mila yao malipo hudaiwa baadaye, hivyo aliyemjulisha mgeni ndiye mdhamini wake. Utambulisho huo ndio hodi ya Gion.

Vichochoro kadhaa humo ni mali ya watu binafsi. Mwaka 2019 wakazi walikataza upigaji picha ndani yake na kutangaza faini ya yeni 10,000. Mwaka 2024 baadhi vikafungiwa watalii kabisa. Barabara ya Hanamikoji, iliyo ya umma, ingali wazi. Hapo mgeni atembee bila kuziba njia, aombe idhini kabla ya kumpiga mtu picha, na maiko akitokea, ampishe.